Fungu la Mwenye Mbwa

Mbega alinyimwa urithi kwa sababu ya meno. Alizaliwa Nguu, kwenye milima ya upande wa Kilindi, akaota meno ya juu kabla ya yale ya chini, na mtoto wa aina hiyo wazee walimwita kigego, mtu wa nuksi. Wazazi walipofariki, ndugu wakakaa kugawana mali, naye akaambiwa kigego hana fungu. Hadithi hii imo katika Habari za Wakilindi, kitabu cha Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, mtu aliyeishi na hao Wakilindi, watu wa ukoo wa Mbega, na kuwasikiliza. Wanaoisimulia siku hizi hupita hapo mbiombio ili wawahi simba na ufalme. Mimi ndipo ninapovuta kigoda. Mtu aliyekuja kutawala Usambaa kwa kugawa nyama alianza maisha yake kwa kurukwa kwenye mgawo.

Yaliyofuata kwetu yanajulikana. Mbega akawa msasi mwenye mbwa wengi, kiongozi wao akiitwa Chamfumu. Akafika Kilindi, akafanya urafiki na mtoto wa mkubwa wa mji, wakaenda kuwinda pamoja, nguruwe akamuua yule kijana. Mbega na wenzake wakatoroka. Wakavuka mto Ruvu, huo ambao ukishuka pwani unaitwa Pangani, wakapanda milima. Huko wakakuta wakulima wenye chakula tele na nguruwe pori waliowashinda. Mbega akawaua nguruwe, akawapa wenyeji nyama, nao wakamletea vyakula vya shambani. Sifa zikatoka Bumbuli zikafika Vugha, palipokuja kuwa makao ya wafalme. Katika safari ya kwenda huko akaua simba, na ndiyo asili ya Simba Mwene, jina la heshima la wafalme wa Usambaa. Wanahistoria huyaweka mambo haya katika nusu ya kwanza ya karne ya 18.

Steven Feierman, aliyekaa na Wasambaa katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu kuhusu ufalme wao mwaka 1974, aliitazama sana biashara hiyo ya nyama kwa ugali. Hakuisoma kama taarifa ya siku fulani. Aliisoma kama watu wa Vugha walivyoitumia, yaani kumkumbusha mfalme kazi yake ni nini. Kwangu mimi kuna jambo la karibu zaidi. Mbega alikuwa mgeni asiye na shamba. Nyama peke yake haimshibishi mtu mwezi mzima, na haikai. Aligawa kwa sababu alihitaji chakula cha wale aliowagawia, nao walilijua hilo. Mtu wa namna hiyo hawezi kugawa vibaya mara mbili.

Mimi ni mtu wa Kwedizinga, huku Handeni tunakotazamana na Korogwe, na nguruwe wa Mbega hatujawamaliza. Wanaingia shambani usiku, kundi zima, mama na watoto, na asubuhi unakuta mahindi yamelala na mihogo imefukuliwa, imeng'atwa kidogo na kuachwa. Babu yangu alikuwa kwenye kundi la wasakaji. Silaha zao zilikuwa nyavu za kamba, mikuki, marungu, na mbwa waliovishwa njuga shingoni ili mlio ueleze wamefika wapi kichakani. Wengine walizunguka na kupiga kelele, wengine walijibanza nyuma ya nyavu kimya.

Sasa fikiria kiroja hiki. Karibu wote kwenye kundi lile walikuwa Waislamu. Nguruwe wakimuua, hawamli. Wakati mwingine alitokea Mkristo wa kutoka mashamba ya mkonge upande wa Korogwe akaomba achukue, akaambiwa bebea huko huko, usipite nayo mjini kwetu. Mara nyingi mzoga uliachiwa fisi. Kwa hiyo kulikuwa na windo, kulikuwa na jasho na wakati mwingine damu ya watu, halafu hakukuwa na cha kugawana. Katika Usambaa ya Mbega nyama ndiyo iliyofunga mkataba. Kwetu nyama ilikuwa haramu, na mkataba ulibidi utafutiwe kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa mahindi. Baada ya mavuno kila kaya yenye shamba upande uliosakwa ilitoa kiasi, yakamwagwa kwenye jamvi moja, na hapo ndipo mafungu yalipopigwa. Mtu mmoja fungu moja. Mwenye wavu, fungu la ziada. Na mbwa alihesabiwa kuwa mtu: ukija na mbwa wawili wanaofanya kazi, wewe ni watu watatu. Mbwa aliyepasuliwa na pembe za nguruwe alipewa fungu lake mpaka apone, na akifa, mwenyewe aliendelea kupokea hadi msimu uishe. Babu alikuwa akisema, bila kutabasamu, kwamba kuna mbwa marehemu walioweka akiba kubwa kuliko watu hai.

Ugomvi haukukosa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuja na mbwa watatu wanene ambao hawakuwahi kuiacha njia. Wenzao wakiingia kichakani wao hukaa kivulini na bwana wao. Siku ya jamvi akadai mafungu manne. Wazee hawakumwambia ni mwongo. Walimwambia awaite mbwa wake kwa majina yao, mmoja mmoja, mbele ya watu. Alijua jina la mmoja tu, wawili alikuwa amewaazima kwa shemeji. Akapewa mawili, akaondoka akinung'unika, na msimu uliofuata akarudi na mbwa mmoja aliyekuwa mkali kweli.

Windo la nyama halali, paa, funo, kuro, lilikuwa na taratibu nyingine, na hapo kisu kilikuwa na haki yake. Mnyama lazima awahiwe kabla roho haijatoka, kwa hiyo aliyekimbia na kisu akachinja alipata shingo, hata kama mkuki ulikuwa wa mwingine. Mkuki wa kwanza ulipata mguu wa nyuma. Mkuki wa pili ulipata kidogo, lakini ulitajwa, na kutajwa huko watu walikupigania kuliko nyama yenyewe. Kilichobaki kilikatwa vipande, kikapangwa juu ya majani. Halafu mmoja wao aligeuzwa mgongo. Mwingine alielekeza kijiti kwenye fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Aliyegeuka akatamka jina lolote lililomjia. Fungu likaondoka. Kijiti kikahamia jingine. Aliyekata nyama jina lake lilikatazwa kutajwa mpaka mwisho, akachukua lililobaki. Sijaona njia nyepesi zaidi ya kumfanya mtu akate sawasawa.

Nimetaja taratibu hizi kwa urefu kwa sababu vitabu vya shule viliruka kutoka kwa Mbega hadi kwa Wajerumani kana kwamba katikati watu walikuwa wamekaa tu. Hawakukaa. Nchi nyingi za Afrika Mashariki na Kati zilikuwa na sheria inayofanana kuhusu tembo: ile pembe iliyolala ardhini mnyama alipoanguka ni ya mwenye nchi, ya juu ni ya msasi. Maadamu pembe ilitumika kwa vikuku na vijiti vya hapa na pale, sheria hiyo haikuwa na uzito mkubwa. Wafanyabiashara wa pwani walipoanza kuitaka kwa wingi, ghafla ile ya chini ikawa mali, na mwenye nchi akawa na sababu ya kuhesabu tembo.

Kimweri ye Nyumbai, wa ukoo wa Mbega, aliutawala Usambaa hadi alipofariki mwaka 1862. Krapf, yule mmisionari wa Kijerumani, alimtembelea mwaka 1848 na tena 1852; wasafiri Waingereza Burton na Speke walimkuta Vugha mwaka 1857 akiwa mzee kabisa. Mpaka hapo mfumo wa Mbega ulikuwa bado unaonekana: mifugo na nguo vilipanda mlimani kama kodi, na sehemu ikashuka tena kwa wakubwa wa wilaya, kwa watumishi, kwa walalamikaji waliokuja barazani. Kodi ilikuwa nzito, sisemi watu walifurahi. Lakini mfalme alikaa juu ya mlima na kula chakula kilicholimwa na watu wa mlima. Akiwachukiza, walimsusa.

Mwanawe Semboja alihamia Mazinde. Ukipita leo barabara kuu kutoka Mombo kwenda Same unaipita Mazinde, na ukiwa na haraka huioni. Wakati ule ilikuwa mahali pa maana kuliko Vugha, kwa kuwa misafara ya kutoka pwani kwenda bara ilipita hapo chini, tambarare, si huko juu kwenye ukungu. Semboja akapata bunduki na baruti. Mzee Kimweri alipofariki, kiti kikaenda kwa mjukuu wake, Shekulwavu. Semboja akamtoa Vugha kwa nguvu, akamweka mwanawe mwenyewe. Vita vikaendelea miaka na miaka, na vita hivyo vilijilipa vyenyewe: mateka walishushwa pwani wakauzwa, bei yao ikarudi kama bunduki, bunduki zikaleta mateka wengine.

Hapo ndipo ninapoona nyuzi za Mbega zinakatika. Semboja naye alikuwa na watu wa kugawia, mamluki wake na rafiki zake wa njiani, na nina hakika aliwagawia vizuri, vinginevyo wasingekaa. Ila mkulima wa Bumbuli hakuwa tena kwenye jamvi. Semboja hakuhitaji ugali wake. Alichohitaji kilitoka Pangani kwenye vichwa vya wapagazi. Mwaka 1888, pwani ilipoanza kuwainukia Wajerumani, msafara wa Hans Meyer na Oscar Baumann ulinaswa huku kwetu. Wapagazi wakatawanyika, mizigo ikaporwa, na Semboja akawa mnufaikaji mkubwa. Meyer alirudi mwaka uliofuata kwa njia nyingine akapanda Kilimanjaro hadi kileleni, akapata jina duniani. Semboja alifariki mwaka 1895. Mwaka huo huo mwanawe Mputa, aliyekuwa mfalme Vugha, alinyongwa na Wajerumani.

Na kuna upande wa ngawira ambao mtu wa Handeni akiuandika huandika kwa kalamu nzito. Njaa kubwa iliyoipiga Uzigua, yaani nchi yetu hii, katika miaka ya 1830 iliwafanya watu washuke pwani kujiweka rehani kwa chakula. Wengi walipakiwa majahazini, wakauzwa Somalia, kwenye mashamba ya kusini. Huko baadhi yao wakatoroka hadi bonde la mto Juba, wakiongozwa, kwa masimulizi yao, na mwanamke aitwaye Wanankhucha, wakajenga vijiji msituni. Lugha yetu ya Kizigula wakabaki nayo. Vita vya Somalia vya mwaka 1991 vikawafukuza tena, na kundi moja likaja kuishia Chogo, hapa hapa wilayani Handeni, ambako serikali iliwapa ardhi na baadaye uraia. Wenzao zaidi ya 12,000 wa jamii hizo za Juba walichukuliwa Marekani kuanzia mwaka 2003. Nimewahi kukaa na mzee wa Chogo tukazungumza Kizigula chake na changu, na maneno ya shamba na ya kuwinda yalikuwa yale yale. Hao hawakupewa fungu. Wao ndio walikuwa fungu.

James Giblin, mwanahistoria wa Kimarekani aliyeandika kuhusu mazingira na utawala wa huku Handeni, kitabu cha 1992, ana hoja inayonigusa kwa sababu inaeleza vichaka vya utoto wangu. Anasema wakubwa wa Uzigua walikuwa na maghala, na wakati wa njaa waliwagawia watu wao, ndiyo maana watu walikaa pamoja, wakafyeka, wakadhibiti ndorobo na ng'ombe wakaishi. Nzige na njaa ya miaka ya 1890, pamoja na kodi za Wajerumani na mahindi yaliyouzwa ili kuzilipa, vilimaliza maghala hayo. Mkubwa asiye na ghala hana watu. Watu wakatawanyika, pori likarudi, likaja na mbung'o na nguruwe. Reli ya kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, mashamba ya mkonge yakafunguka, na vijana wa Handeni wakajifunza mgao mpya: kipande cha kadi, siku thelathini za kazi zilizotiwa alama, mshahara. Hapo hakuna wa kugeuzwa mgongo.

Babu alitundika nyavu zake mwaka 1973, serikali ilipopiga marufuku uwindaji nchi nzima. Marufuku ile ilikuja kuondolewa, lakini kwa wenye leseni, wageni zaidi kuliko sisi. Nyavu ziliendelea kukaa darini zikila moshi. Nguruwe ruksa kumfukuza shambani, ndiyo. Wavu wa kuro, hapana.

Kufikia wakati huo baba yangu alikuwa katibu wa kijiji cha ujamaa. Handeni ilikuwa mahali pa kujaribia mambo hayo tangu mapema, kabla ya Operesheni Vijiji ya mwaka 1974. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 na waraka wa Mwalimu Nyerere uliolenga vijijini, vijiji vilifungua shamba la pamoja, na shamba la pamoja likaleta swali la babu kwa sura nyingine: tutagawanaje? Jibu lilikuwa daftari. Ninalo moja, kauntabuku lenye mgongo wa kitambaa chekundu, kurasa zimekula mchwa pembeni. Majina yamepangwa kushuka, tarehe zinakwenda kulia. H ni hudhurio. Kistari ni kutokuja. U ni udhuru, na hapo baba aliandika kwa mwandiko mdogo sana sababu: msiba, mgonjwa, kesi, kliniki. Mwisho wa msimu alihesabu H za kila mtu, akazigawia fedha za mauzo. Nimezihesabu tena mimi mwenyewe kwa kalkuleta. Zinalingana.

Ukurasa mmoja una doa la chai na maneno "kikao kimekubali". Wanawake wawili walikuwa wamepangwa kukaa juu ya dungu kufukuza ndege na nyani wakati wengine wanapalilia, na mtu akasema hawakushika jembe, wasiandikwe. Kikao kikakubali waandikwe H. Chini yake, kwa kalamu nyingine, imeongezwa: mgonjwa apewe nusu, si zaidi ya wiki mbili. Hakuna ofisa wa wilaya aliyewaletea sheria hizo. Michaela von Freyhold, aliyevichunguza vijiji vya mkoa wa Tanga na kutoa kitabu mwaka 1979, ameeleza jinsi maamuzi yalivyozidi kuhamia mikononi mwa maofisa. Daftari la baba linaonyesha hivyo hivyo kwa njia yake: kadiri miaka inavyokwenda "kikao kimekubali" inapungua na "agizo limetoka" inaongezeka, na H nazo zinapungua. Watu walikuwa wakijiandikia udhuru hata siku za jua zuri.

Mtoto wa dada yangu aliliona daftari hilo akacheka. Yuko Dar es Salaam, anasoma chuo, na usiku anacheza mchezo wa kompyuta wa World of Warcraft, ule wa zamani uliorudishwa mwaka 2019, pamoja na kundi la vijana wa Kiswahili waliotapakaa: Tanga, Mombasa, mmoja Muscat, mmoja Uingereza. Watu 40 wanaingia pangoni kumuua joka au jitu la moto, kazi ya saa kadhaa, na likianguka linatoa vitu viwili au vitatu tu. Watu 40, vitu vitatu. Akaniambia, "Mjomba, hii ni DKP."

Nikamwomba anieleze, nikaelezwa hadi saa sita. Mwaka 1999 ulipotoka mchezo wa EverQuest, kulikuwa na majoka mawili makubwa, Nagafen na Vox, na makundi makubwa ya watu walioungana kuyaua. Kila joka likianguka waligombana kuliko walivyopigana nalo. Kundi moja, Afterlife, likabuni kuandika mahudhurio: ukija kwenye kila windo unapata pointi, na pointi ndizo unazonunulia ngawira kwa wenzako. Jina la pointi hizo, kwa Kiingereza, ni pointi za kuua joka, na kifupi chake DKP kimebaki mpaka leo. Wengine hutumia njia ya kete: kila anayekitaka kitu anarusha namba kati ya 1 na 100, ya juu inachukua, na kabla ya kurusha useme kama unakihitaji au unakitamani tu. Wako wenye baraza la wazee linaloamua. Wako wenye kiongozi mmoja anayegawa apendavyo, na anayeiba kabla ya kugawa anaitwa ninja. Nilimwambia wale wa kete wangemgeuza mmoja wao mgongo, wangekuwa Wazigua.

Kampuni yenye World of Warcraft nayo iliingilia. Mwaka 2018 iliondoa kwenye toleo lake jipya uwezo wa kiongozi kugawa, mashine ikawa inampa kila mtu chake kimyakimya. Malalamiko ya wizi yakapungua, na yakaja malalamiko mengine: mtu amepewa kitu kisichomfaa na hawezi kumpa mwenzake anayekihitaji. Mwishoni mwa 2022 mapango makubwa yakarudishiwa kete. Mashine inagawa haraka, lakini haiulizi "Hili la nani?" na nadhani hicho ndicho watu walichokikosa, ile dakika ya kubishana mbele ya mafungu.

Kilichonifanya nikae wima ni mnada. Baadhi ya makundi hayaandiki mahudhurio wala kurusha kete. Kila kitu kinanadiwa kwa dhahabu ya mchezo, mwenye dau kubwa anachukua, na dhahabu yote iliyokusanywa inagawiwa sawa kwa wote 40. Ukisikia hivyo unaona haki imekamilika: asiyepata upanga anapata fedha. Lakini dhahabu hiyo, akasema mpwa wangu, wapo wanaoinunua kwa dola nje ya mchezo, kinyume cha sheria. Mtu anaingia akiwa hajui hata kushika ngao, amejaza mfuko, anaondoka na kila kitu. Mwaka 2024 kampuni iliupiga marufuku mnada wa namna hiyo kwenye moja ya matoleo yake. Nikamwambia huyo mwenye mfuko namfahamu, amekaa Mazinde. Hakunielewa, ikabidi nimpeleke kwa Semboja, kutoka huko hadi kwa Mbega. Mwenye dhahabu ya nje hawahitaji wale 39. Anahitaji tu miili yao mpaka joka lianguke. Mbega alihitaji ugali wa wale aliowagawia.

Kundi la mpwa wangu lilivunjika kwa sababu hiyo hiyo. Mmoja alikamatwa akinunua dhahabu, wengine wakamtetea kwamba anawalipa vizuri, wakaondoka naye. Waliobaki wanatumia pointi, na wana kesi ambayo haijaisha: waganga, wale wanaowaponya wenzao vidonda katikati ya vita, hawampigi joka hata pigo moja, na orodha ya mapigo haiwataji. Je, pointi zao ziwe sawa? Na wale wanaoombwa wakae nje ya pango, tayari, ili mtu akidondoka waingie, ambao huenda wakakaa usiku kucha bila kuitwa?

Nikamwonyesha ule ukurasa wa wanawake wa dungu. Akaupiga picha kwa simu, akautuma kwenye kundi lao usiku uleule, na meseji zikaanza kumiminika mpaka simu ikawa inatetemeka mezani. Mwenzao wa Mombasa akataka waganga wapewe H kamili na wanaosubiri nje nusu, kama mgonjwa. Mwingine akauliza nani atashika daftari, kwa kuwa anayelishika sasa ndiye mwenye pointi nyingi kuliko wote. Halafu yule wa Muscat akaandika kwamba babu yake alikuwa baharia, na kwenye jahazi lao chombo chenyewe kilikuwa na mafungu yake, kabla ya nahodha na mabaharia, kwa ajili ya tanga na matengenezo. Kwa hiyo anapendekeza kundi nalo liwe na fungu, liwekwe kwenye sanduku la pamoja la kununulia dawa za vita. Hapo wakagawanyika tena, sanduku ufunguo wake kwa nani, na walipofika saa nane usiku nikaenda kulala, wao wakaendelea.